Kidole cha Bibi Harusi

Kidawa Borafya alipowaambia wenzake wa wodi ya wanawake kwamba ameomba kuhamia ICU, walimcheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha mwanzo akauliza kuna harusi gani. Hawakumcheka kwa ubaya. Walimpenda, na katika mji wetu mtu asiyependwa hachekwi mbele ya uso wake. Lakini kweli, mtu aliyekwishapita arubaini, mwenye wodi aliyoizoea, mwenye kiti chake karibu na feni, mwenye wagonjwa waliopona wanaomletea visheti mpaka kazini, anakwenda kutafuta nini katika chumba ambacho wagonjwa hawasemi na mashine hazinyamazi?

"Utazungumza na nani huko?" aliuliza Tabia, rafiki yake wa zamu. "Wewe bila ya kuzungumza si utapasuka?"

"Ntazungumza na mashine."

"Mashine hazijui umbea, shoga."

Kidawa naye alicheka, kisha akaenda kupeleka barua yake kwa mkuu wa wauguzi wa Hospitali ya Wakfu, pale Vuga, kabla hajabadilisha mawazo.

Hakuwaambia sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa hasira, na hasira ya mtu mchangamfu haiaminiki. Wodini mgonjwa alikuwa wake. Alimjua jina na ukoo, akajua mkwe gani analeta uji kwa moyo na yupi anakuja kutazama tu apate la kusimulia. Mgonjwa huyo huyo akizidiwa, pumzi zikianza kumpanda juu juu, walikuja watu wa ICU na kitanda chao cha magurudumu, wakamchukua, na Kidawa akabaki ameshika kanga ya mtu mkononi. Miaka yote ile aliwahudumia watu katika homa ndogo ndogo, na pale walipomhitaji hasa, kazi ilikuwa si yake tena. Hilo lilimuuma. Mumewe Ahmada, fundi cherehani wa Darajani, ndiye peke yake aliyeambiwa, na alijibu kama wanavyojibu mafundi cherehani, kwa kuuliza kama hiyo nguo mpya itamkaa.

Mkuu wa ICU alikuwa Sista Salhiya. Huyu alianzia uanafunzi katika wodi ya Kidawa, na Kidawa ndiye aliyemfundisha kumgeuza mgonjwa bila ya kumuumiza, kumwosha bila ya kumdhalilisha, na mengine mengi ambayo hayamo vitabuni. Baadaye alikwenda Dar es Salaam akasomea uangalizi wa wagonjwa mahututi, akarudi na shahada yake na uso usio na mchezo. Siku ya kwanza alimpokea mwalimu wake mlangoni.

"Da Kidawa, nje ya mlango huu mie ni mwanafunzi wako," alisema. "Humu ndani ntakukaripia. Bora nikwambie mapema."

"Karipia, mwanangu. Ndiyo niliyoyafata."

Alipewa miezi mitatu ya majaribio. Ikimalizika, Salhiya ndiye atakayesema kama anabaki au anarudi wodini.

Wiki za mwanzo zilikuwa chungu, wala hakuna haja ya kuzitia sukari. Kule wodini Kidawa alikabidhi zamu kwa hadithi: huyu kalala vizuri, huyu kagombana na wifi yake presha ikapanda. Huku ilimbidi aanze kichwani mwa mgonjwa ashuke mpaka miguuni, ubongo, pumzi, moyo, mkojo, dawa gani inaingia kwa kasi gani, na akikosa tarakimu moja Salhiya alinyamaza akimngojea mbele ya watu. Vijana wa umri wa mwanawe walimweleza mambo kwa sauti ya polepole, kama wanaomsemesha mgeni. Mara moja aliingia stoo ya mashuka akalia. Alifuta uso kwa shuka safi, akalikunja tena, akarudi kazini. Jioni, nyumbani Bububu, Ahmada alishika kitabu chake na kumuuliza maswali huku akiyavunjavunja maneno ya kitaalamu, na Kidawa alimenya mbatata akijibu. Alipokosea, mume alisema, "Hapana, bibi, rudia," kwa furaha ya mtu ambaye kwa miaka amekuwa akirekebishwa yeye.

Mwezi wa pili ulipoanza, tarakimu zilikuwa zimeanza kumkaa kichwani. Ndipo alipoletwa Riyama.

Riyama alikuwa msichana wa Muyuni, kaolewa na dereva wa lori anayepeleka saruji kwenye majumba mapya ya Fumba. Hata fungate haikumalizika, zile siku saba za maharusi kukaa ndani na kulishwa vizuri, homa ikamshika na kifua kikajaa. Alifika na mapambo yake yote mwilini. Viganja vilikuwa vyekundu kwa hina, maua meusi ya piko yalipanda mpaka viwikoni, na ncha za vidole vyote kumi zilikuwa nyeusi tii. Mtu angemtazama tu akasikia harufu ya udi. Alikuwa akipumua kwa haraka ndani ya barakoa ya oksijeni, macho yamemtoka, na mama yake, Bi Mwatum, alimfuata mpaka mlangoni, ambako alizuiwa kwa sheria ya chumba.

"Shikamoo, Bi Mwatum," alisema Kidawa, aliyetoka kumsemesha kwa mazoea ya wodini. Watu wa ICU hawakuwa na tabia hiyo.

"Marahaba, mwanangu. Atapona, huyu?"

"Nipo naye mie. Ikiwa kuna lolote ntatoka nikwambie mwenyewe."

Bi Mwatum alikaa kwenye benchi la nje, akaegemeza kichwa ukutani. Alikuwa amepata mtu wa kumjua.

Sasa, kuna kidude kidogo, kibanio, kinachovishwa mgonjwa kidoleni. Kinapitisha mwanga kwenye ncha ya kidole na kusoma oksijeni iliyomo damuni. Kwa watu wengi hakina tatizo. Kwa mwanamke aliyepakwa piko kinababaika, kwa kuwa rangi ile nyeusi inaziba mwanga, na kinaweza kutoa tarakimu ya chini ya kutisha hali mtu mwenyewe anakunywa chai. Unguja hii, msimu wa harusi na siku za Idi, wodi za wanawake hujaa vidole vyeusi. Manesi wamekwishazoea. Kidude kikilia, husema neno moja tu, "piko," na hupita. Kidawa alikuwa akilisema neno hilo tangu Salhiya yumo katika gauni la uanafunzi.

Asubuhi ile kidude kililia kwa Riyama, na kijana mmoja akaanza kuhangaika. Kidawa alikitoa kidoleni, akakibana kwenye ndewe ya sikio, na tarakimu ikapanda mahali pake. Dokta Tahir, daktari wa chumba, alitikisa kichwa kukubali na kuendelea na mgonjwa mwengine. Salhiya alitabasamu, jambo ambalo humo ndani lilikuwa adimu.

"Mie nilifundishwa hayo na huyu," aliwaambia vijana.

Kidawa alifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chumba kile alijiona mjuzi, na alitembea asubuhi nzima akijihisi mwepesi.

Lakini kibanio cha sikioni hakikutulia. Kila Riyama alipokohoa na kugeuza kichwa kilichomoka, mashine ikapiga kelele, Kidawa akakirudisha, kikachomoka tena. Adhuhuri ilipoingia alichoka nacho, akakirudisha mkononi, kwenye kidole gumba ambacho piko lilikuwa limeanza kubabuka kidogo. Kikasoma chini kuliko sikioni. Kidawa akawa anaongezea mwenyewe kichwani, kama mtu anayejua kwamba saa ya ukutani kwao inachelewa. Themanini na tisa, basi ni tisini na nne. Hakumwambia mtu kwamba amekihamisha.

Mchana ililetwa mashine ya kupiga picha ya kifua kwa Mzee Ubwa, mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye naye alikuwa mikononi mwa Kidawa. Ni mashine kubwa, na chumba ni chembamba. Wapiga picha walikisukuma pembeni kitanda cha Riyama, kile cha dirishani, wakapiga picha yao, wakarudisha kila kitu walivyoona sawa, wakaondoka. Kidawa aliinama kumsafisha Mzee Ubwa kinywa, kazi inayotaka mikono yote miwili na jicho lisilocheza.

Mashine ya Riyama ikalia.

Kidawa alitupa jicho kwenye tarakimu, themanini na nne, akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha. "Piko," alisema, akarudi kwa mzee wake. Punde ikalia tena. Alibonyeza tena. Mara ya tatu hata neno lenyewe hakulisema.

Salhiya alikuwa mwisho wa chumba. Kelele hazikumshtua, maana humo kelele ni za kila dakika. Alichoshtuka nacho ni mlio kukatwa, ukakatwa, ukakatwa, bila ya mtu kusogea. Alikuja mbio.

"Nani anayezima?"

"Mie. Piko hilo, Sista."

"Umemtazama?"

Kidawa hakuwa amemtazama. Alikuwa ametazama tarakimu, na tarakimu aliidharau.

Midomo ya Riyama ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Tundu za pua zilikuwa zikipanuka na kubana, mbavu zinavutika ndani, na ule mfuko mdogo unaoning'inia chini ya barakoa, ambao siku zote hujaa upepo, ulikuwa umelala bapa kama mfuko uliotupwa. Mpira wa oksijeni ulikuwa sakafuni, karibu na gurudumu la kitanda. Umechomoka ukutani pale kitanda kiliposukumwa. Msichana alikuwa akivuta pumzi ndani ya barakoa isiyokuwa na kitu.

Salhiya aliurudisha mpira ukutani na kufungua hewa yote. Dokta Tahir alifika na vijana wawili. Oksijeni ilirudi lakini Riyama mwenyewe alikuwa amekwisha, hana nguvu tena ya kuvuta kifua, na macho yake yalikuwa hayamtambui mtu. Ikabidi alazwe kwa dawa, apitishwe mpira kooni, apumuliwe na mashine. Kidawa alifanya kila aliloamrishwa. Alivuta dawa kwa sindano, alishika kichwa, na alisema tarakimu kwa sauti.

Dokta Tahir alitoka kumwambia Bi Mwatum. "Mwanao amechoka kupumua mwenyewe, bi mkubwa. Tumempumzisha, mashine inampumulia kwa sasa." Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Kidawa alisimama nyuma yake. Bi Mwatum hakumtazama daktari, alimtazama Kidawa, akingoja aongeze chochote, na Kidawa akainamisha macho kwenye viatu vyake. Aliona haya ambayo hajapata kuyaona maishani, haya ya kutamani benchi lile limmeze.

Zamu ilipokwisha, Salhiya alimwita stoo ya mashuka na kufunga mlango.

"Da Kidawa, nnakuheshimu," alisema, na hakumtazama usoni. "Kesho kwenye kikao ntasema mpira ulichomolewa na watu wa picha. Ndivyo ilivyokuwa. Tena ntasema umeomba mwenyewe kurudi wodini, macho hayakubaliani na mashine hizi. Hakuna atakaeuliza. Unarudi kwa wenzako na heshima yako."

"Na Riyama?"

"Riyama tunamwomba Mungu. Hilo haliongezi wala halipunguzi."

Asiye wa hapa ataona Salhiya alikuwa anaficha jambo. Mwenyeji atajua alikuwa anatoa zawadi. Kumsitiri mtu, kumfunika aibu yake watu wasimwone utupu, ni wema mkubwa kwetu, na kumsitiri mwalimu wako ni zaidi ya wema. Salhiya yule mkavu, anayekaripia mbele ya watu, alikuwa tayari kusema nusu ya kweli kikaoni kwa ajili yake. Kidawa alimshukuru. Akasema atafikiri.

Nyumbani hakula. Baada ya maghribi Ahmada alimkuta kakaa barazani na kitabu kimefungwa mapajani, akamtoa maneno moja moja mpaka akayapata yote.

"Huyo mtoto kakupa njia," alisema Ahmada. "Ishike. Wodini wanakupenda."

"Nnajua wananipenda."

"Basi tatizo nini? Umri huu unataka kuanza kutukanwa?"

"Tatizo, Ahmada, mie sikulitia mfukoni mwangu peke yangu neno lile la piko. Wodi nzima inalisema. Tabia analisema. Wanafunzi wote niliowafundisha wanalisema. Nikisitirika mie, kesho anakuja mwengine kutoka wodini, kidude kinalia, anasema piko. Na huyo labda Salhiya hatokuwapo chumbani."

"Si umwambie Salhiya pembeni awafundishe?"

"Awafundishe nini? Kwamba watu wa picha walichomoa mpira?"

Ahmada alikuna ndevu zake. Alikuwa akiogopa, na hakuficha. "Watakufukuza."

"Wakinifukuza nitakuwa nimefukuzwa. Kurudi mwenyewe sirudi. Nimekwenda kule ili nisiwe natolewa mgonjwa mikononi akizidiwa. Sasa kazidiwa mikononi mwangu, kwa mkono wangu, ndio nimwache nikajifiche kwenye feni?"

Ahmada aliinuka akamletea chai na mkate wa kumimina, akakaa karibu yake mpaka alipoumega.

Kikao cha asubuhi cha ICU hufanywa kwa kusimama, mbele ya meza ya wauguzi, na hakichukui muda. Riyama alikuwa hai. Usiku ulipita salama, mashine imepunguziwa kidogo, lakini hajaamshwa na hakuna aliyethubutu kuahidi kitu. Salhiya alipofika kitanda cha dirishani alianza, "Jana mchana, wakati wa picha, mpira wa oksijeni ulichomoka..."

"Sista Salhiya, samahani," alisema Kidawa. "Hilo naomba niseme mie."

Salhiya alimtazama kwa jicho la kumwomba anyamaze. Kidawa hakunyamaza.

"Mpira ulichomoka kwa kusukumwa kitanda, ndiyo. Lakini mashine ilinambia mara tatu, na mara tatu nimeizima. Nilisema ni piko. Kidude nilikitoa sikioni nikakirudisha kidoleni kwa kuchoka, na sikumwambia mtu. Sikumtazama mgonjwa usoni. Ningemtazama mara ya kwanza, asingekuwa kwenye mashine leo."

Kijana mmoja alianza kuchungulia kucha zake, mwengine akageukia ukuta. Mtu kujianika hivi mbele ya wenzake ni jambo ambalo hatukulelewa kulitazama, na wengi wao walitamani wangekuwa kwengine. Kidawa uso ulikuwa unamwaka moto. Aliendelea hivyo hivyo.

"Neno hili limejaa wodini, na mie ni mmoja wa waliolijaza. Naomba ruhusa nikalitoe. Nipite wodi za wanawake niwaambie kilichotokea, kwa jina langu. Kidude kikilia kwa mwenye piko, kwanza utazame mtu, pumzi, midomo, mpira. Kidude baadaye."

Dokta Tahir alivua miwani, akaisafisha kwa ncha ya koti, akaivaa. Alionekana amekasirika, na alikuwa na haki.

"Mie jana nilisimama mbele ya mama yule nikamwambia mwanawe amechoka," alisema. "Ungenambia kabla sijatoka."

"Naam, daktari. Hilo nalo nimekosa."

"Na sasa unataka nini? Kurudi wodini?"

"Sitaki kurudi wodini. Nataka kitanda kile kile. Uamuzi ni wa Sista Salhiya, akiniondoa ntaondoka. Lakini mwenyewe siombi kuondoka."

Wote wakamgeukia Salhiya. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na kwa kuwa hakupenda yaonekane, alisema kwa ukali zaidi ya kawaida.

"Majaribio yako yanaanza upya leo. Miezi mitatu kamili, ile iliyopita haihesabiki. Kitanda cha dirishani ni chako, hicho tu, hupewi cha pili. Mie ntakuwa nyuma ya mgongo wako zamu nzima, na utanichukia."

"Nimekubali."

"Sijamaliza. Mama yake yuko nje. Yeye hajaulizwa."

Hilo Kidawa alilijua. Alilala nalo na kuamka nalo.

Bi Mwatum alikuwa pale pale kwenye benchi, na kikapu chenye chupa ya uji usiokuwa na wa kuunywa. Dereva, mume wa Riyama, alikuwa amekwenda kutafuta maji. Kidawa hakukaa. Aliona si haki kukaa.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Vipi mwanangu?"

"Kalala salama. Mashine imepunguziwa kidogo, ni dalili nzuri, lakini bado. Siwezi kukwambia kapona."

"Alhamdulillahi."

"Bi Mwatum, jana hukuambiwa yote. Mpira wa hewa ulichomoka. Mashine ikalia kuniita. Mie nikaizima, nikadhani inadanganywa na piko la vidoleni. Sikumtazama. Alikaa bila ya hewa na mie nimesimama ubavuni pake. Kosa ni langu mie, si la mtu mwengine."

Bi Mwatum alishika kikapu kwa mikono miwili, na Kidawa akadhani atampiga nacho, na alikuwa tayari kupigwa.

"Ulinambia upo naye wewe," alisema Bi Mwatum.

"Ndiyo."

"Mwanangu hata fungate hajatoka."

"Ndiyo, Bi Mwatum."

"Piko lile nimempaka mie kwa mkono wangu!" Sauti ilipanda, ikagonga kuta za ukumbi, watu wa benchi la pili wakageuka. "Unataka niingie kaburini na hilo?"

"Piko halina kosa. Piko halikuzima mashine."

Bi Mwatum alilia, kwa hasira, bila ya kujifunika uso. Kidawa alisimama mbele yake, hakumgusa wala hakumbembeleza, ingawa mikono yake yote ya wodini ilikuwa inataka kufanya hivyo. Alingoja mpaka kilio kilipopungua.

"Leo nimepangiwa tena mie nimwangalie," alisema. "Ukisema nisimguse, sitamgusa. Atawekwa mwengine sasa hivi, na hakuna atakaekulaumu."

Bi Mwatum alipangusa macho kwa upindo wa buibui, akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kofia.

"Huyo mwengine, jana alikuwapo?"

"Hakuwapo."

"Kaona mwanangu alivyokuwa?"

"Hajaona."

"Basi huyo atakaa kitako." Alikivuta kikapu mapajani, akakishika. "Wewe hutokaa. Sijakusamehe, unasikia? Usije ukatoka hapa ukasema yule mama kanisamehe. Sijakusamehe. Ingia ndani."

Kidawa aliingia, akanawa mikono mpaka viwikoni, na kwanza kabisa akamtazama Riyama usoni.